Sauti Iliyotoka Bila Ruhusa

Wewe uliyekaa hapo, weka chini ulichoshika, nikutegee. Iko ndani yangu tangu nizaliwe, lakini sijawahi kuiona. Ikitoka haina miguu, na bado inafika Bengamisa kabla sijafunga kamba ya kiatu. Nikiiita irudi, hairudi. Ni kitu gani?

Umesema pumzi? Pumzi inarudi, ndiyo maana tunaishi. Umesema moshi? Moshi hauko ndani yako, labda kama unavuta tumbaku. Basi nipe mji. Bafwasende? Mji wa matope mengi, lakini naupokea. Ni sauti. Na sauti ninayotaka kukusimulia ni ya Kavugho, binti wa Papa Ignace mwenye depo ya jumla karibu na soko kuu la Kisangani. Ilitoka bila ruhusa yake, ikakaribia kumnyima mume.

Jumamosi ile salon, yaani sebule, ya Papa Ignace ilijaa watu. Upande wa dirisha walikaa wageni, familia ya Feruzi, kijana aliyetaka kumwoa, Waislamu wa Kisangani tangu enzi za babu wa babu zao. Aliyewaongoza ni Tonton Rashidi, ndugu wa baba yake Feruzi, kofia nyeupe kichwani na sauti ya mtu aliyezoea kupatanisha. Upande wa mlango walikaa Wanande wa Papa Ignace, Wakatoliki, watu wa Butembo na Lubero walioifuata biashara mpaka kwenye mto. Katikati, juu ya kitambaa kizuri cha Mama Élise, palikuwa na vikwembe vya kitenge, sukari, na chupa za soda ya sucré, kwa sababu wageni bia hawagusi. Chupa zilikuwa bado zimefungwa.

Chupa za posa hazifunguliwi na baba. Zinafunguliwa na neno la binti. Akisema tukunywe, watu wanakunywa na maneno ya mahari yanaanza. Akikataa, wageni wanabeba chupa zao mchana kweupe, majirani wakiwaangalia, na barabara ile hawaipiti tena.

Papa Ignace alikuwa amechelewa kukubali hata kuwapokea. "Wajukuu wangu watabatizwa wapi?" aliuliza kila mara. Tonton Rashidi alimjibu siku moja kwamba mto ni mkubwa, maji yake yanatosha kubatiza na kutawadha. Papa Ignace akacheka bila kutaka, na mtu akishacheka namna ile, kukataa kunakuwa kazi. Sasa alisafisha koo.

"Kavugho, binti yangu. Hawa watu wamekuja na maji yao. Tukunywe, ao tusikunywe?"

Kavugho aliinua uso, akamwangalia Feruzi. Alikuwa amekaa nyuma ya wazee wake, shati jeupe limenyooshwa mpaka mikono, na macho yale yanayocheka kabla ya mdomo. Siku nyingine yoyote macho yale yangemchekesha naye. Leo alitamani kuyamwagia maji ya moto.

Akasimama.

"Unisamehe, papa," alisema, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Swali likabaki pale mezani pamoja na chupa. Hakuna aliyeligusa.

Hasira ile ilianza asubuhi. Wiki nzima Kavugho hakuwa na simu. Mama yake aliichukua akaifungia kabatini, akamkataza hata depo: msichana anayengoja wageni haongei na mchumba wiki ya posa, ndivyo yeye Mama Élise alivyolelewa, na ndivyo itakavyokuwa. Kwa hiyo Kavugho hakujua mji unasema nini. Asubuhi hiyo akaja Delphine, binti wa baba yake mdogo, kumsaidia kuponda ndizi za lituma. Delphine alikuwa anauza forfait za simu, vifurushi vya internet, hasa kile kinachoitwa Karibu, kwenye kaunta ya kampuni ya simu, pale pale ndani ya depo. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Nani amekufa?" Kavugho alimuuliza.

"Kazi yangu."

Delphine alitoa simu, akabonyeza. Ikatoka sauti nzito, kama ya mwanaume mwenye mafua:

"Miye Kavugho. Forfait ya Karibu nauza miye mwenyewe, na inaniuma. Koko yangu alikimbia vita kule Lubero. Wenye kukimbia wanaacha sauti zao ku ukurasa wa Tuko Hai, kila mutu anasema jina yake na fasi iko. Naweka Karibu, naweka tena, ule ukurasa unazunguka tu, haufunguki. Lakini ukurasa wa kampuni yenyewe, wa michezo ya loto na wanamuziki, unafunguka mbio. Nani aliwapa ruhusa ya kutuchagulia? Tunawauzia watu mulango, kumbe ni mulango wa kuchora ku ukuta."

Mwiko ulimtoka Kavugho mkononi. Sauti haikuwa yake, lakini maneno yalikuwa yake yote, hata pale alipovuta kamasi. Alimtumia Feruzi maneno yale kwa sauti jioni moja kabla ya simu kufungiwa, akimlilia koko, bibi yake, Feruzi peke yake, kama unavyomwegemea mtu begani.

Feruzi na wenzake walikuwa wanaendesha kampeni ku internet, wakaiita Mtandao Moja. Waliomba kila mwenye forfait ya Karibu ajirekodi akijaribu kufungua Tuko Hai, aonyeshe kile kiduara kinachozunguka bila kuchoka, halafu wote waitume kwa kampuni kwa wakati mmoja. "Watuuzie kwa kilo," Feruzi alipenda kusema, "lakini wasituchagulie chakula." Kavugho alimpendea hayo. Ndivyo walivyokutana. Feruzi alikuja depo kugombana juu ya Karibu, akamkuta yeye nyuma ya kaunta. Akarudi kesho yake kugombana tena, na kesho yake tena, mpaka siku moja alifika akasahau ugomvi, akabaki amesimama anamwangalia.

"Iko inapita kila fasi," Delphine alisema. "Watu wa toleka wanaipiga ku baiskeli zao za kubebea watu. Bon, Monsieur Lambert wa kampuni akaingia depo, akauliza, Kavugho ni nani hapa? Weye haukuwa pale. Na miye nilisaini kazi kwa jina gani? Kavugho Delphine. Akaniambia niweke badge chini."

"Na papa? Papa alisema nini?"

"Papa yako aliangalia magunia ya unga."

Hayo ndiyo Kavugho aliyokuwa ameyameza tangu asubuhi, huku anavishwa kikwembe kipya na kupakwa mafuta.

Nyuma ya nyumba alisimama karibu na mbabula, jiko la makaa, akageuza sufuria ambayo haikuhitaji kugeuzwa. Alisikia hatua. Hakugeuka.

"Kavu," Feruzi alisema.

"Usiniite hivyo. Kavugho wako mingi mu huu mji, tafuta mwingine."

"Watu wote wananiangalia kama niliiba kuku. Nimefanya nini?"

"Umesikia ile sauti ya Mtandao Moja? Ya mutu mwenye mafua?"

 Macho ya Feruzi yalisahau kucheka.

"Niliibadilisha," alisema. "Hakuna mutu anaweza kukujua."

"Ulibadilisha sauti, ukaacha jina."

"Juu Kavugho haiko jina ya kumujulisha mutu. Simama hapa avenue uite Kavugho, kila parcelle, kila nyumba ya Wanande, itaitika. Nilisema moyoni itakuficha kuliko kukosa jina. Na sauti bila jina, kampuni ingesema tumeitunga. Watu wakisikia jina wanaamini."

"Delphine anaitwa nani?"

"Delphine."

"Delphine nani?"

Kavugho aligeuka amwone anavyoelewa. Alitaka kuona. Aibu ilimpanda pole pole, kutoka shingoni mpaka kwenye paji la uso.

"Ah-ah. Kavu, sikujua."

"Lambert alimufukuza. Na asubuhi hii alikuja na macho yake yale kunipondea ndizi za posa yako."

"Nitaenda kwa Lambert. Nitamwambia siye huyu."

"Halafu akuulize ni nani basi, utamujibu nini?"

Feruzi alijifuta uso. Kutoka salon walisikia Tonton Rashidi akianza hadithi ndefu ya samaki, ile anayotoa watu wakikosa la kusema.

"Juu ya nini haukuniuliza?" Kavugho alisema.

"Mama yako alifungia simu yako ndani ya kabati. Ningekuuliza namna gani?"

"Katikati ya wiki ulimutumia papa yangu samaki wa wavuvi Wagenia. Mutu wa toleka alifika nao mpaka hapa mulangoni. Samaki walijua njia, swali ndiyo lilipotea?"

"Wakubwa wa kampuni wanakutana Jumatatu, Kavu. Wanaamua kama Tuko Hai ifunguke kwa wenye Karibu ao hapana. Wakati haukuwepo."

"Wa kuikata ulikuwepo. Wa kuitia mafua ulikuwepo."

"Sikia, tafadhali. Tulikuwa wanafunzi na watengeneza simu, watu wanatucheka. Uliposikika weye, mama wa soko wakaingia. Watu wa Lubunga ng'ambo ya mto wakaingia, wenye hawajawahi hata kuandika neno moja kule. Kila mutu iko na mwenye anamutafuta. Ile sauti ndiyo imewasukuma. Si ulitaka koko aonekane?"

"Usimuweke koko mbele yako kama ngao."

Alisema taratibu sana, na Feruzi akarudi nyuma hatua moja kama aliyesukumwa.

"Kila siku unapiga kelele," Kavugho aliendelea. "Kampuni isisimame mulangoni ikichagua nini inapita na nini inabaki. Iache vitu vyote vipite sawa, mwenye simu ndiye achague. Sasa ku sauti yangu nani alisimama mulangoni? Nani alisema hii ipite?"

Feruzi aliinamisha kichwa. Pale aliposimama, jua lilimpiga shingoni, mahali ambapo Kavugho alikuwa anapajua, mahali alipokuwa ameahidi kuweka mkono wake siku watakayokuwa na nyumba. Hata sasa mkono ulitaka kwenda. Akauficha ndani ya kikwembe, akakasirika zaidi, kwa sababu ni jambo gani hili, mtu anakuumiza na mkono wako haujui.

"Niambie niitoe," Feruzi alisema. "Naitoa sasa hivi."

"Ukiitoa Delphine atarudia kazi? Walioisikia wataitema? Na bado haujajibu."

"Nimejibu, Kavu."

"Umenipa sababu. Jibu bado." Alifunika sufuria. "Twende. Tutamalizia mbele yao."

"Papa yako ndiye mwenye depo. Wakijua ni binti yake, watamunyang'anya kaunta ya Karibu."

"Najua. Na wasipojua, Delphine anakula kosa yangu."

Tonton Rashidi alikatisha samaki wake katikati ya maji walipoingia. Kavugho hakukaa.

"Papa, mbele ya kujibu swali lako. Ile sauti ya Mtandao Moja ni yangu. Haiko ya Delphine."

"Sauti gani?" Papa Ignace aliuliza, ingawa uso wake ulikuwa umekwisha kujibu.

"Ile uliyosema mwenye sauti hana baba wa kumufunga kinywa," alisema Mama Élise. "Na ukaipiga tena kule chumbani. Na tena."

"Élise, acha." Papa Ignace alisimama. Ni mtu mfupi, lakini akikasirika kiti kinaonekana kidogo. "Weye ndiye? Tangu njia ya Butembo ikafungwa, malori hayaingii. Nauza nini pale depo? Chumvi ya zamani na Karibu. Hiyo Karibu ndiyo imekuvalisha hiki kikwembe. Na weye unaenda kusema mu mji mzima kama baba yako anauza ukuta?"

"Nilisema kwa mutu mumoja. Na nilisema juu nilikuwa namutafuta mama yako."

Papa Ignace alishika mgongo wa kiti.

"Koko Kaswera ni mama yako, papa. Kila asubuhi unapiga namba yake, haiiti, unasema ni betri. Miye nikaenda kumutafuta ku Tuko Hai, na forfait ya duka yetu sisi wenyewe ikanikatalia. Nilikuwa na hasira na kampuni. Kisha leo nikasikia Lambert alimukamata Delphine mbele yako, na weye unajua mutoto huyu hata akilia halii hivyo. Uliangalia magunia."

"Yalikuwa magunia ya unga, tonton," alisema Delphine, aliyesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia ya lituma. "Uliyaangalia sana."

 Hasira ikikosa pa kupita inatafuta mlango mwingine, na ya Papa Ignace iliupata haraka.

"Nani alipeleka sauti ya mutoto wangu mu mji?"

"Ni miye, papa," alisema Feruzi.

Tonton Rashidi alifunika uso kwa kiganja. "Feruzi. Nimebeba sukari yote hii kwa jua, nawe umenyamaza na neno kama hili mufukoni?"

"Mubebe chupa zenu," alisema Papa Ignace.

Wageni waliangaliana. Tonton Rashidi alishusha pumzi, akaweka sawa kofia yake, akanyoosha mkono kwenye chupa ya kwanza. Mama Élise akageukia ukuta asione. Kavugho aliuona ule mkono, akaelewa kwamba ukishainua chupa ile, yeye na Feruzi watakutana tena njiani kama watu waliowahi kununua chumvi mahali pamoja.

"Tonton Rashidi, samahani, iache," alisema. "Papa, swali uliniuliza miye. Nyumba hii ndivyo inavyofanya, na weye ndiye ulinifundisha. Hakuna mwenye kubeba kitu mpaka nijibu. Na siwezi kujibu kabla huyu hajanijibu." Akamgeukia Feruzi. "Nilikuuliza kule nyuma. Usiniambie kabati, usiniambie Jumatatu. Juu ya nini haukuniuliza?"

Feruzi aliangalia wazee wa upande wake, wakaangalia chini. Aliangalia chupa. Hakukuwa na mtu wa kumsaidia, na ilionekana usoni mwake kwamba amechoka kutafuta.

"Juu nilijua utakataa."

Kavugho alimsogelea hatua moja.

"Nilikuwa nimekwisha kuamua," aliendelea, sasa sauti ikiwa ndogo. "Nikasema moyoni, nikimuuliza, akatae, halafu niipeleke, nitakuwa nimemuibia. Nisipomuuliza, nitasema sikujua. Nilijua. Jumatatu nitasimama mbele ya Lambert na mbele ya wenzangu wa Mtandao Moja, niseme hivi hivi. Delphine, unisamehe."

"Sijui kama nitakusamehe," alisema Delphine. "Sinia ni nzito, nitafikiri nikishaiweka."

Mtu mmoja upande wa wageni alikohoa kuficha kicheko. Papa Ignace hakucheka. Alikaa, akatoa simu yake, akaitafuta namba kwa kidole kimoja, na watu wote wakamngoja.

"Monsieur Lambert? Ni Ignace wa depo. Ule Kavugho muliyefukuza siye. Mwenye sauti ni wangu wa kuzaa." Alisikiliza. Mshipa ulimtoka karibu na sikio. "Ndiyo, najua nini iko mu mukataba. Kaunta ni yenu, mukitaka muchukue. Lakini mutoto wa ndugu yangu atarudia fasi yake kabla ya hapo, na tena mutaniambia kwa kinywa yenu juu ya nini nimekosa kusikia mama yangu ku forfait nayouza... Hapana, leo hapana. Leo niko na wageni."

Aliposema wageni, Tonton Rashidi, aliyekuwa bado amesimama nusu, alirudi kukaa pole pole, kama mtu asiyetaka kiti kilie.

Papa Ignace aliweka simu juu ya goti. Alionekana mzee kuliko asubuhi. Hakumtazama Feruzi hata kidogo.

"Bon," alisema. "Nimekosana na kampuni. Huyu Delphine ataninunia mpaka Noeli. Bwana wako, kama atakuwa bwana wako, sitaki kumuona kabla ya juma lijalo. Na sucré zinapata moto. Kavugho, nakuuliza mara ya mwisho. Tukunywe, ao tusikunywe?"

Kavugho alimwangalia Feruzi. Shati lake lilikuwa limelowa kifuani na mikononi, na macho hayakucheka, hayakuomba, yalingoja tu. Bado alitaka kuyamwagia maji ya moto. Bado mkono wake ulikuwa umefichwa ndani ya kikwembe, na bado ulikuwa unataka kwenda.

"Mukunywe, papa," alisema. "Hii hasira haitaisha leo. Nitahamia nayo kwake."